Takwa saa tisa unusu: uchambuzi wa ziara ya siku moja iliyopwelewa Manda

Kisa ni cha Ijumaa moja, Lamu. Wageni wanne wa familia moja, yaani mume, mke, mtoto wa miaka kumi na mmoja na mama mzee aliyepita sabini, walimkodi mtembezaji awatembeze wao peke yao kutwa nzima. Walitaka mambo mawili: soko la wenyeji na majengo ya ibada ya kale. Ni ombi la kawaida, na Lamu inalo jibu karibu. Soko liko ubavuni mwa Ngome ya Lamu. Msikiti wa Pwani, ambao tarehe yake ni 1370, uko hatua chache kutoka hapo. Ng'ambo ya maji, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa na msikiti wake wa Ijumaa. Ziara ilianza saa tatu asubuhi. Ilikwisha saa nne unusu usiku jetini, baada ya mashua kukaa juu ya tope katikati ya mikoko kwa zaidi ya saa tano.

Hakuna aliyeumia. Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa ni kwamba hakuna hata jambo moja lililotokea ghafla. Saa ya maji kujaa ilijulikana tangu mwanzo wa wiki, na sala ya Ijumaa haijawahi kumshtukiza mtu Lamu.

Siku ilivyokwenda

Waliondoka gesti yao mtaani Mkomani saa tatu, wakafika sokoni saa tatu unusu. Saa hiyo nyama iliyochinjwa alfajiri imeshapungua ndoanani, na samaki wazuri wamekwishakwenda na wanunuzi wa mikahawa. Walikuta changu wadogo na meza za nguru zikioshwa. Mboga na matunda yalikuwepo, kwani hayo hukaa kutwa. Baada ya hapo waliingia Ngome, wakakaa saa nzima na zaidi, kisha wakashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, polepole, mama mzee akipumzika kila penye baraza yenye kivuli. Ilipofika saa sita maduka yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine. Mtembezaji naye alikuwa na sala yake. Akawaacha mkahawani, akaenda msikitini, akarudi saa saba unusu na kukuta chakula hakijapakuliwa, maana mpishi pia alikuwa kasali. Wakala saa nane na robo.

Saa tisa walikuwa jetini. Nahodha, mtu mzima aliyeyajua maji hayo tangu utotoni, alisema kabla hawajapanda: "Mwanangu, mai yatoka haya. Takwa ya leo ilikuwa ya mapema." Mtembezaji akajibu: "Ami, twaingia mara moja na kutoka, wageni wamelipa." Wakang'oa nanga.

Saa tisa unusu walikuwa wamefika mwisho wa mkono wa bahari unaopasua Manda karibu vipande viwili, wakashuka. Takwa huchukua saa moja hata kwa mtu mwenye haraka, na mama mzee hakuwa na haraka. Walirudi chomboni saa kumi na dakika arobaini. Mashua ikasogea mita chache, ikakaa. Upondo, ule mti wa kusukumia chombo, ukazama kwenye tope badala ya kusukuma. Mashine ikainuliwa ili panga lake lisichimbe matope. Kufika saa kumi na moja na robo, hapakuwa na maji pande zote mbili za mkuku, yaani uti wa chini wa chombo.

Maji yalipwa hadi saa moja na robo usiku, yakaanza kurudi, na mashua ikaelea saa nne kasoro dakika kumi. Mashua nyingine iliyoitwa kuwachukua ilifika mlangoni mwa mkono ule ikashindwa kupanda, kwa sababu ile ile. Maji ya kunywa yaliisha kabla ya magharibi. Dawa za sukari za mama mzee zilikuwa zimeachwa gesti.

Kwa nini maji yaliwashinda

Mtembezaji alikuwa ameuliza. Aliambiwa Ijumaa maji yanajaa mchana, na jibu lilikuwa sahihi: yalijaa saa saba. Kosa lilikuwa kulichukua neno "mchana" kana kwamba alasiri yote ni maji.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na robo hivi. Lakini hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ya kujaa na kupwa mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo nusu ya maji yote huondoka katika saa mbili za katikati. Chukulia siku ambayo tofauti ni mita 2. Saa ya kwanza baada ya kujaa, maji hushuka sentimita 17 tu, na mtu asiyezoea huona bahari imetulia. Saa ya tatu hushuka sentimita 50, na ya nne 50 nyingine.

Sasa weka saa zao juu ya hesabu hiyo. Maji yalijaa saa saba. Walishuka saa tisa unusu, yaani saa mbili na nusu baadaye, katikati ya saa ya tatu. Waliporudi saa kumi na dakika arobaini, mafungu mengine matatu na nusu yalikuwa yameondoka, karibu sentimita 58. Mashua yenye mashine, wageni wanne, mtembezaji, nahodha na baharia wake huhitaji kina cha sentimita 60 na zaidi. Chombo kilichokuwa kinaelea vizuri wakati wa kushuka hakikuwa na pa kuelea wakati wa kupanda. Wangeingia mahali pale pale, kwenye kina kile kile, lakini maji yakiwa yanakuja, wangetoka bila kujua kwamba kuna jambo la kuogopa.

Hapa ndipo penye kanuni ambayo hatuoni sababu ya kuipindisha: Takwa huingiwa maji yakijaa. Mtu akikwama kwenye maji yanayokuja, husubiri robo saa akaelea. Akikwama kwenye maji yanayotoka, amekwama hadi yaende yarudi.

Mwezi ndio unaopanga ratiba

Mtembezaji wa Lamu anayehesabu siku za mwezi mwandamo hahitaji kukisia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, na maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika 50. Kutokana na hayo siku nyingine zote zinapatikana.

Mwezi 10 hadi 12 (yaani siku ya kumi hadi ya kumi na mbili tangu mwezi kuandama), na 25 hadi 27, maji hujaa kati ya saa saba na saa tisa mchana. Hizi ndizo siku bora za Takwa, kwani asubuhi nzima maji yanaingia. Ijumaa ya kisa hiki ilikuwa mwezi 10, siku njema kabisa, wakaitumia upande wake mbaya. Mwezi 14 na 15, na mwandamo wenyewe, Takwa ni ya baada ya chakula cha mchana: ondoka saa nane, uwe umetoka kabla ya saa kumi na moja, na usidanganywe na wingi wa maji, maana bamvua hushuka kwa kasi kuliko siku zote. Mwezi 7 na 8, na 22 na 23, maji hujaa saa nne asubuhi hivi, lakini ni maji mafu. Hayapandi sana, kwa hiyo mashua kubwa isipelekwe, na saa za kuingia ni chache. Mwezi 17 hadi 19, na 3 hadi 5, maji hujaa magharibi na alfajiri, mchana mikoko imekauka. Siku hizo Takwa iondolewe kwenye mpango, mgeni aambiwe mapema na apelekwe Shela au Matondoni, vijiji vya kisiwani Lamu kwenyewe.

Hesabu hiyo ni ya kupangia. Siku yenyewe huthibitishwa kwenye jedwali la maji, na kwa nahodha. Jedwali lisomwe la Lamu, si la Kilindini, bandari ya Mombasa. Kumbuka pia kwamba tarehe za mwezi kwa kuandama zinaweza kupishana siku moja na mwezi wa angani, na siku moja ni dakika 50, zinazotosha kabisa kupwelewa.

Ijumaa

Wako wanaosema dawa ni kutopeleka wageni Takwa siku ya Ijumaa. Hatukubaliani nao. Kinachotakiwa ni kujua kwamba Ijumaa ya Lamu ina shimo katikati, kuanzia saa sita unusu hadi saa nane kasorobo, na kuliheshimu tangu kwenye karatasi. Katika saa hizo hakuna duka, hakuna mpishi, hakuna baharia, na mtembezaji mwenyewe hapaswi kulazimika kuchagua kati ya sala na mgeni. Siku ile maji yalijaa ndani ya shimo hilo hilo. Kwa hiyo mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja: asubuhi.

Ratiba ingekuwa hivi. Saa kumi na mbili unusu, chai na mahamri kwa mbaazi. Saa moja kamili, sokoni. Huo ndio wakati wa soko: samaki wanashushwa, wanapimwa kwa macho na kubishaniwa, mchinjaji anakata kwa mteja anayemjua, na mikokoteni inaleta mboga zilizofika kwa lori hadi Mokowe, upande wa bara, na kuvushwa kwa mashua. Mgeni akiuliza kwa nini nyanya ni ghali kuliko Malindi, mwonyeshe safari hiyo. Aelezwe pia jinsi ya kumtazama tafi mbichi: jicho limetuna, matamvua ni mekundu, na nyama ikibonyezwa inarudi. Asipige picha ya mtu bila kuomba, na mwanamke aliyevaa buibui akikataa kwa mkono, basi. Anayetaka kununua halua, viungo au kofia ya kushonwa kwa mkono aachwe hadi jioni. Kubeba vifurushi kutwa kwenye vichochoro vyenye punda ni adha, na bei anayopewa mtu asiye na haraka ni nafuu.

Saa tatu kasorobo, Msikiti wa Pwani kwa nje. Saa tatu, Ngome: ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, ikamalizika mnamo 1821, ikawa gereza hadi 1984, na sasa ni makumbusho. Dakika 50 zinatosha. Hapo hapo ada ya Takwa ilipwe, kwani malipo ya Makumbusho ya Taifa hupitia eCitizen na mjini mtandao ni wa kuaminika kuliko Manda. Saa nne na robo, chomboni. Kwa mashine ni nusu saa hivi. Kwa tanga ni saa moja au zaidi kutegemea upepo, kwa hiyo siku yenye saa finyu tanga lisubiri. Saa tano kasorobo wanashuka Takwa, maji yakiwa bado na zaidi ya saa mbili za kupanda. Saa sita kasoro dakika kumi wanaondoka. Saa sita na dakika ishirini wako jetini, na waumini wana muda wa kuoga na kuvaa kanzu.

Chakula kiagizwe asubuhi, kiwe tayari kabla ya mpishi kwenda kusali, au kiwekwe saa nane bila kuficha. Baada ya alasiri maduka yamefunguliwa, na Shela iko umbali wa kilomita 3, kwa mashua au kwa miguu ufukweni. Msikiti wake wa Ijumaa ni wa 1829, na mnara wake unaonekana tangu majini.

Takwa yenyewe

Dakika 65 hizo zitumike vizuri, maana pale hapafai kupitiwa kama kituo cha kupiga picha. Mji ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, ukahamwa. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka 1951. Ulizungukwa na ukuta, na msikiti wa Ijumaa uko ndani, vyumba vya mawe ya matumbawe vikiuzunguka chini ya mibuyu. Anza na msikiti. Simama uwanjani utazame kaskazini: juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, jambo usiloliona kwenye misikiti ya Lamu mjini. Nenda mihrabuni, tazama upinde ulivyochongwa, kisha rudi birikani pa kutawadhia. Mtoto aulizwe maji yalitoka wapi. Swali hilo hufungua mji mzima, kwa sababu kuharibika kwa maji ya visima kwa chumvi ni moja ya sababu zinazotajwa za watu kuhama kwenda Shela.

Baadaye toka nje ya ukuta hadi kaburi la nguzo. Watu wa Shela huja kuomba mvua hapo mpaka leo. Mgeni aambiwe hivyo kabla hajafika, si baada ya kuegemea. Mabega na magoti yafunikwe, mtu asipande ukutani, asikalie kaburi, na asichukue kipande cha chungu hata kiwe kidogo kama ukucha. Mzee asiyeweza kuzunguka kote akae kivulini karibu na msikiti. Msikiti na kaburi vinatosha, vyumba vilivyobaki vinaweza kuachwa.

Waliokwama wangefanya nini

Kuna dakika kumi za mwanzo ambazo huamua jioni nzima, na kwenye kisa hiki zilipotezwa kwa kusukuma. Mashua ikigusa chini maji yakitoka, jaribu mara moja: wote wahamie upande wenye kina, mashine iinuliwe, upondo usukume nyuma, njia chombo kilikotoka. Isipotoka, acha. Warudishe wageni nchi kavu mara hiyo, wakati bado kuna maji ya kifundo cha mguu na tope halijafunuka. Saa moja baadaye tope la mikoko huzamisha mguu hadi goti, na mama wa miaka sabini hawezi kulivuka wala kubebwa salama. Magofuni kuna ardhi ngumu, nafasi ya kukaa, na mbu wachache kuliko ndani ya mikoko.

Nanga ipelekwe kwa miguu hadi kwenye kina, kamba ivutwe ikaze, ili maji ya kwanza yakirudi chombo kijivute chenyewe badala ya kusukumwa ndani zaidi. Chombo kikianza kulala upande, vitu vizito vihamishiwe upande wa juu. Kisha piga simu. Usiombe mashua ya pili, kwani haitapita. Piga kumjulisha mwenye gesti mko wapi na mtatoka saa ngapi. Saa hiyo inajulikana: kama mmekwama saa mbili na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, mtaelea saa mbili na nusu baada yake.

Na viwepo chomboni kabla ya kung'oa, hata safari iwe ya saa mbili: lita 2 za maji kwa kila mtu, tochi mbili, taa ya chombo, maboya ya kuvaa kwa idadi ya watu, dawa ya mbu, tende au mkate, shuka moja ya mzee, na dawa za kila mgonjwa za hadi asubuhi ya pili. Hilo la mwisho lisemwe kwa sauti jetini, kwa heshima: "Mama, dawa zako umezichukua?" Swali la sekunde mbili lingeondoa hofu kubwa kuliko zote za usiku ule.

Pesa

Mzozo wa mwisho ulikuwa wa malipo. Nahodha alidai nyongeza kwa saa alizokesha, wageni wakasema hawakuagiza kukesha, mtembezaji akabaki katikati. Kwa maoni yetu nyongeza hiyo haikuwa juu ya wageni, wala hasara haikuwa ya nahodha. Nahodha alionya, akapuuzwa na aliyemkodi, kwa hiyo aliyemkodi ndiye wa kulipa. Lakini hayo husemwa kirahisi kukiwa na maandishi, na hapakuwa na maandishi.

Ujumbe mmoja wa simu jioni ya kuamkia safari unatosha, utumwe kwa wageni na kwa nahodha wote wawili. Useme bei ni ya mashua nzima, si ya kichwa. Useme mafuta na kungojea vimo ndani, ada za makumbusho hazimo. Utaje saa ya kuondoka jetini na saa ya mwisho ya kutoka Takwa, na saa hii ya pili aiandike nahodha mwenyewe. Mwisho uwekwe sharti kwamba nahodha akisema maji hayatoshi, chombo hakiendi, wageni wanapelekwa Shela kwa bei ile ile, na hakuna anayedaiwa wala kurudishiwa. Mgeni akilisoma hilo usiku huwa halalamiki mchana, na kijana anayetembeza wageni hapati sababu ya kubishana na mzee wa bahari mbele ya watu.